Jangwa si Kanaani: sigara ya umeme na mapafu yetu

Katika mafundisho ya afya tunayotoa makanisani, swali moja limeanza kurudi mara kwa mara: "Niliacha sigara, nikachukua ile ya umeme. Mbona sasa ninakohoa kuliko zamani?" Karibu wote wanauliza kwa sauti ya chini, mlangoni, wakati watu wengine wamekwisha kwenda.

Mmoja wao ni mwimbaji wa kwaya. Ametupa ruhusa ya kueleza habari yake bila kumtaja jina. Alivuta sigara kwa miaka 14. Alipoamua kuacha, rafiki yake alimletea sigara ya umeme, ile ambayo vijana wanaiita vepu. Harufu ya moshi ikatoka katika nguo, mke wake akafurahi. Lakini miezi mitatu baadaye kikohozi kikamshika, sauti ikakauka, akawa hawezi kumaliza wimbo bila kupumzika. Wenzake wa zamani wakamwambia: "Unaona? Rudia sigara yako, hiyo ya umeme ndiyo inakuua."

Je, walisema kweli? Tueleze polepole.

Ni nini kinachoingia kifuani?

Sigara ya kawaida inaunguza tumbaku. Katika moto ule inatoka lami inayoshika ndani ya mapafu, na hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, ile ile inayoua watu wanaolala na mbabula ya makala katika chumba kilichofungwa.

Sigara ya umeme haina moto. Ina betri, waya mdogo unaopata joto, na maji mazito yenye nikotini, viungo vya ladha, na vitu viwili vinavyoitwa propilini glikoli na glisirini. Waya ukipata joto, maji hayo yanageuka ukungu. Wengi wanadhani ni mvuke tu, kama ule wa sufuria. Sivyo. Propilini glikoli inanyonya unyevu, na kwa hiyo koo linakauka na kuwasha. Joto likizidi, maji yale yanazaa formaldehaidi na akrolini, vitu vinavyochoma njia za hewa. Chembe za madini kama nikeli na risasi zinaweza pia kutoka kwenye kifaa na kuingia ndani.

Na ladha je? Kitu kinaweza kuwa salama tumboni na kuwa hatari kifuani. Mwaka 2000, huko Missouri nchini Marekani, wafanyakazi wa kiwanda cha bisi waligunduliwa kuwa na ugonjwa mkali wa mapafu. Chanzo kilikuwa daiasetili, kiungo chenye ladha ya siagi, walichokuwa wakikivuta kila siku kazini. Kiungo hicho hicho kimekutwa katika baadhi ya maji ya sigara za umeme.

Kati ya mwaka 2019 na mwanzo wa 2020, nchini humo humo, watu zaidi ya 2,800 walilazwa hospitalini au kufa kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na kuvuta vepu. Waliokufa walihesabiwa 68 hadi Februari 2020. Wengi wao walikuwa wamevuta mafuta ya bangi yaliyochanganywa na aina ya vitamini E. Kwa hiyo maji yasiyo na maandishi, au yaliyochanganywa nyumbani, yasiguswe kabisa.

Basi, afadhali sigara?

Hapana. Wenzake mwimbaji wetu walikosea. Idara ya afya ya Uingereza inasema kwamba mvutaji anayehama kabisa kutoka sigara kwenda vepu anapunguza sana sumu inayoingia mwilini, kwa sababu ameepuka ule moto. Shirika la Afya Duniani nalo linakumbusha kwamba vepu si salama, na kwamba asiyevuta asianze. Maneno haya mawili hayapingani. Wana wa Israeli walipotoka Misri, jangwa lilikuwa bora kuliko utumwa. Lakini jangwa si Kanaani, na hakuna aliyeambiwa ajenge nyumba pale.

Wengi wanajenga. Utafiti uliofanywa Uingereza na kutolewa mwaka 2019 uliwafuata wavutaji 886. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18 ya waliopewa vepu walikuwa wameacha sigara, wakati waliotumia dawa nyingine za nikotini walikuwa asilimia 10 hivi. Ni matokeo mazuri. Lakini kati ya wale waliofaulu kwa vepu, wanane katika kumi walikuwa bado wanaivuta.

Wako pia wanaokaa miguu miwili: vepu kazini, sigara jioni, chicha siku ya sherehe. Hao hawajahama. Wameongeza mzigo juu ya mzigo.

Kikohozi kinasema nini?

Kikohozi baada ya kubadili kinaweza kuwa na maana tatu.

Ya kwanza, mapafu yanaanza kujisafisha. Ndani ya njia za hewa kuna nywele ndogo sana zinazofagia uchafu. Moshi wa sigara unazilaza. Mtu akiacha, zinaamka na kusukuma makohozi nje. Kikohozi hiki kwa kawaida kinapungua majuma yanavyopita.

Ya pili, ule ukungu unachoma. Koo linakauka, kifua kinapiga filimbi, mwenye pumu anabanwa zaidi. Kikohozi hiki kinaongezeka unapovuta na kupungua unapopumzika.

Ya tatu ndiyo tunayoiogopa katika nchi yetu: ugonjwa mwingine umejificha nyuma ya vepu. Congo ni kati ya nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani, na aliyevuta sigara anakipata kwa urahisi zaidi. Kikohozi kikipita majuma mawili, usikae kubishana kama ni vepu au si vepu. Nenda kituo cha afya ukapimwe makohozi. Ukiona damu, ukitoka jasho usiku, ukikonda au ukiwa na homa, usingoje hata hayo majuma mawili. Na ukikosa pumzi hali umekaa tu, au kifua kikiuma sana, nenda siku hiyo hiyo. Dawa za kifua kikuu zinatolewa bure.

Mwimbaji wetu alingoja karibu miezi miwili. Si kwa kukosa pesa. Aliogopa kwamba muuguzi, ambaye ni mshirika wa kanisa lake, angejua anavuta. Alipopimwa, ilikuwa kifua kikuu. Katika miezi hiyo alikuwa amelala chumba kimoja na watoto wake, na mmoja wao ikabidi naye atibiwe.

Tufanye nini?

Wewe uliyehama, usirudi kwenye sigara, wala usichanganye. Mwambie muuguzi ukweli wote: unavuta nini, mara ngapi, tangu lini. Punguza nguvu ya nikotini hatua kwa hatua, kisha weka siku ya kuacha na umwambie mtu mmoja unayemwamini. Zipo dawa zinazosaidia, kama chingamu na plasta za nikotini. Uliza katika hospitali au duka kubwa la dawa. Weka yale maji mbali na watoto, kwa sababu mtoto akiyanywa ni sumu. Kijana ambaye hujavuta kamwe, usiingie jangwani kutafuta njia ya kutoka Misri usikokuwa.

Na sisi kanisa? Tunafundisha kwamba mwili ni hekalu la Roho, kama Paulo alivyowaandikia Wakorintho, na ni kweli. Lakini mafundisho hayo tukiyatumia kama fimbo, watu hawataacha kuvuta, wataacha kutuambia. Mchungaji, mzee wa kanisa, kiongozi wa kwaya: anayekuja kwako mlangoni kwa sauti ya chini, mpeleke kwenye kipimo kabla ya kumpeleka kwenye kamati ya nidhamu.

Ndugu yetu alimaliza dawa zake baada ya miezi sita. Vepu aliiacha katika mwezi wa nne, baada ya kuanguka mara mbili. Mtoto wake amepona. Sauti yake haijarudi yote, lakini Jumapili anasimama katika safu ya nyuma na kuimba. Kila akisikia mtu anakohoa katika kwaya, anamwuliza: "Tangu lini?"