Sijida Mbili za Kusahau

Paukwa! Semeni pakawa, ndipo niendelee. Ngano ya leo haina sungura wala fisi. Ina bibi yenu.

Jana mliniuliza: inakuwaje bibi akitaka kumwita Juma aanze na Saidi, apitie kwa Rajabu, amtaje hata mjomba wenu aliyeko Mombasa, mwisho aseme tu "wewe mtoto, njoo hapa", na usiku uleule wa kuamkia Ijumaa akae juu ya mswala aisome Yasin yote, aya 83, bila msahafu na bila kukwama? Mlidhani kwenye majina anawatania. Hawatanii.

Yasin haikai lilipo jina la Juma. Jina hulitafuta kila unapolihitaji, na kichwa cha mzee hutafuta polepole. Yasin aliipata chuoni akiwa binti mdogo, kwa sauti, pamoja na wenzake, siku nenda siku rudi, mpaka ulimi ukawa kama punda wa Lamu: mwachie kamba, atafika nyumbani mwenyewe. Mjaribuni. Mkatisheni katikati, mumuulize chumvi iko wapi. Hataendelea pale alipoachia. Atarudi nyuma aya kadhaa ndipo asonge mbele. Ila msimjaribu mara mbili, kandambili zake haziko mbali.

Enzi zake chuoni hapakuwa na madaftari. Mwalimu aliandika kwenye ubao wa mti kwa kalamu ya mwanzi, mtoto akasoma mpaka somo likamwingia, kisha ubao ukaoshwa, likaandikwa jingine. Somo lililokwisha kuoshwa halikuwa na pa kukaa isipokuwa kichwani. Na walianzia mwishoni, kama nyinyi: juzuu ya 30, Amma, yenye sura 37, ndipo wakapanda kuelekea Albakara na aya zake 286. Maana ya walichosoma wengi hawakufundishwa, na hilo mimi silisifu. Mtoto anayeweza kubeba sura nzima anaweza kubeba na maana yake.

Shida ni kwamba aliyehifadhi naye hufa. Mtume alipofariki mwaka 632, Kurani ilikuwa vifuani mwa watu, na vipande vipande kwenye makuti ya mtende, mifupa na mawe bapa. Muda mfupi baadaye vita vya Yamama vikawaua wengi waliohifadhi. Umar akaingiwa na hofu, akamshauri Abubakar, na kazi ya kukusanya akapewa kijana, Zaid bin Thabit, ambaye alisema ingekuwa nafuu kwake kuambiwa auhamishe mlima. Kurasa zile ziliishia nyumbani kwa Hafsa, binti wa Umar na mjane wa Mtume. Ndizo Uthman alizoazima alipotaka kunakili misahafu ya kupeleka kwenye miji mikubwa.

Msahafu tunao basi, lakini kwenye tarawehe imamu wetu husimama mikono mitupu. Msikiti unaotaka kuhitimu Kurani ndani ya Ramadhani husoma karibu juzuu moja kila usiku. Njooni usiku wa Arrahman. Ina aya 78, na mojawapo inarudi mara 31. Fikirini mtego huo: kila ukiimaliza, njia nyingi ziko wazi mbele yako, na iliyo sahihi ni moja. Imamu akinyamaza kidogo tu, utasikia mzee nyuma yake, au kijana wa darasa la sita, akimtilia neno lililompotea. Hulipokea, akaendelea. Sijapata kusikia mtu akicheka.

Na kwa nini acheke? Siku moja Mtume mwenyewe aliswalisha swala ya rakaa nne, akatoa salamu baada ya mbili. Abubakar na Umar walikuwemo, wakanyamaza kwa kumwonea haya. Akainuka mtu mmoja mwenye mikono mirefu, waliyemwita Dhul-Yadain kwa sababu ya mikono hiyo, akauliza kama swala imepunguzwa au Mtume amesahau. Nampenda sana mtu yule. Wakubwa wamenyamaza, yeye anauliza! Mtume hakukasirika. Aliwageukia watu kuwauliza kama ni kweli, wakasema ni kweli. Akazikamilisha rakaa mbili zilizobaki, akasujudu mara mbili.

Sijida hizo ndizo anazoleta imamu wetu akisahau kunuti ya alfajiri au tahiyatu ya kwanza. Ukitia shaka kama umeswali tatu au nne, shika tatu, ongeza moja, sujudu mara mbili, toa salamu. Hakuna faini nyingine.

Sasa, mmoja wenu, simtaji, Ramadhani iliyopita alitumwa kwa jirani na sahani ya kaimati. Mbili hazikufika. Alirudi analia, shira mdomoni, akisema funga yake imeharibika. Bibi yenu akamwambia Mtume alikwisha kulisema hilo: aliyekula kwa kusahau aitimize funga yake, maana Mungu ndiye aliyemlisha. Machozi yakakauka papo hapo, likaja swali. Je, angesahau mpaka sahani ikaisha?

Msidhani ni swali la kitoto. Masheikh wetu wa Kishafii husoma kitabu kiitwacho Minhaj, cha Imamu Nawawi, aliyeishi Sham katika karne ya 13. Rafii, aliyemtangulia, aliona kwamba anayekula kingi kwa kusahau funga yake imeharibika, kwani nani husahau muda wote huo? Nawawi akaandika kwamba rai iliyo sahihi zaidi ni kuwa haiharibiki, hata akila kingi.

Nilipomweleza hayo alianza kuchekelea. Bibi yenu akamwahi: ukikumbuka tu, kilichomo kinywani kiteme. Kisha akajaza sahani nyingine, akampa, na safari hii akamtuma dada yake aende naye.