Kwa Nini Gari la Chama Lilikuwa Likiyumba

Wanachama kadha wa kadha wametuuliza kwa nini gari la Chama, lililonunuliwa Dodoma mwaka jana, lilikaa bara wiki nzima kabla ya kuvushwa kuja Pemba, na kwa nini fedha zimetumika kwa vitu visivyoonekana. Yafaa tueleze.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux ya 1999. Tulilikuta Miyuji, kaskazini ya mji wa Dodoma, injini nzuri na rangi safi. Kwa kulitazama halikuwa na aibu. Lakini tulipoliingiza katika njia ya udongo yenye vituta vidogo vidogo mfano wa bati, usukani ulicheza mkononi, na kila tulipokanyaga breki lilivuta kushoto. Nyuma liliruka kama punda asiyetaka shogi.

Sisi tulidhani springi zimechoka. Tulifikiria magunia ya karafuu, na wachumaji wanaopenda kukaa juu yake ingawa tumekwisha kukatazana, basi tukamwambia fundi wa pale aongeze jani moja la springi kila upande. Akakataa. "Wazee wangu," alisema, "kwanza niangalie viungo."

Wengi wetu huchanganya kazi ya springi na ya shokapu. Springi hubeba uzito. Shokapu haibebi kitu. Kazi yake ni kuituliza springi isicheze juu na chini, kwa mafuta yanayolazimishwa kupita katika matundu madogo. Shokapu ikifa gari halishuki, kwa hiyo mwenye gari hana habari. Lakini gurudumu huruka badala ya kushika njia, na gurudumu lililo hewani halisaidii breki wala halikati kona. Shokapu tulizozikuta zilikuwa zimevuja, mafuta yamekamatana na vumbi yakawa tope gumu.

Mipira ya bushi nayo ilikuwa imepasuka, ile ya mikono ya mbele na ile ya macho ya springi. Dodoma mvua haifiki milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni jua na vumbi. Halafu fundi akatia jeki chini ya mkono wa chini, karibu na gurudumu, akalitikisa juu na chini. Boljointi ya kushoto ikagonga. Hapo hapakuwa na mjadala tena, kwani boljointi ikichomoka gurudumu hulala na dereva hana usukani. Tulinyamaza, kila mmoja akifikiria mteremko anaoujua kwao.

Tukabadilisha boljointi za chini zote mbili, bushi zote, na shokapu nne. Shokapu tulizotia ni za gesi, maana katika njia ya vituta mafuta hupata moto, yakafanya povu na kupoteza nguvu. Gesi huyakandamiza, povu likapungua. Bushi za plastiki ngumu tulizikataa. Hudumu, ni kweli, lakini huleta mtikiso ndani, na zikikosa grisi hulia.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi wa kwetu hulikosea, na hasa ndilo lililotufanya tuandike. Bushi ya mpira haizunguki. Chuma chake cha ndani hubanwa kwa bolti, na mpira wenyewe ndio unaojinyonga gari likipanda na kushuka. Bolti ikikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, gari likishushwa mpira huwa umekwisha kunyongwa, nao hukaa hivyo usiku na mchana hata ukachanika mapema. Fundi wa Miyuji alizitia bolti bila ya kuzikaza, akalishusha gari likasimama kwa miguu yake, tukalitikisa, ndipo akalala juu ya mkeka akazikaza moja moja. Magurudumu yakapimwa mwisho. Kuyapima kabla ni kutupa fedha.

Na lile jani la springi? Hatukulitia. Jani halizidishi nguvu ya breki, wala ya ekseli, wala ya tairi. Na gari tupu lenye springi ngumu huteleza mkia katika kona yenye maji, nasi uchumaji wetu mara nyingi hukutana na vuli. Kamati imekubali gari libebe uzito ulioandikwa na watengenezaji, usizidi, na wachumaji watafutiwe gari lao.

Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, kupita Gairo na Morogoro, ni kiasi cha kilomita 450. Usukani ulitulia njia nzima. Vyuma vya zamani, pamoja na ile boljointi ya kushoto, vimo sandukuni ofisini kwetu. Mwanachama anayetaka kuitikisa kwa mkono wake, aje.