Kisukari, Nguvu za Kiume na Tiba za Kuotesha Upya Tishu

Upungufu wa nguvu za kiume ni jambo ambalo mwanamume wa Handeni au Korogwe hulipeleka kwanza kwa mganga au kwa mchuuzi wa mkuyati, dawa ya mitishamba ya kuongeza nguvu hizo, na akifika kliniki husema kwa mafumbo kwamba jogoo hapandi mtungi, ilhali chanzo chake huenda ni kisukari ambacho hajawahi kukipima. Utafiti uliofanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, ukihusisha wanaume 312 wenye kisukari, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa na tatizo hilo.

Uume husimama pale mishipa ya fahamu na kuta za mishipa ya damu zinapotoa naitriki oksidi, gesi inayolegeza misuli laini ili damu ijae, na sukari iliyozidi kwa miaka mingi huviharibu vyote viwili, misuli nayo ikageuka makovu. Ndiyo maana vidonge vya sildenafili, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, huwafaa wenye kisukari kidogo kuliko wanaume wengine, kwa kuwa kidonge hurefusha kazi ya gesi hiyo lakini hakiitengenezi.

Tiba za kuotesha upya tishu hukusudia kukarabati mshipa wenyewe. Mwaka 2010 madaktari wa Korea Kusini waliwadunga wanaume 7 wenye kisukari seli shina, yaani seli changa ziwezazo kugeuka kuwa za aina nyingine, zilizotolewa katika damu ya kitovu cha mtoto mchanga. Wengi wao walianza tena kusimamisha alfajiri, ila tendo lenyewe liliwezekana kwa wachache tu, tena kwa msaada wa kidonge. Watu 7 tu ni ushahidi mwembamba mno. Njia nyingine ni kuizungusha damu ya mgonjwa katika mashine hadi chembe nyekundu zituame, kisha kumdunga maji ya manjano yenye wingi wa chembe sahani, zile zinazogandisha damu: jaribio la Ugiriki la mwaka 2021 liliona nafuu, la Marekani la mwaka 2023 halikuona tofauti na sindano isiyo na dawa.

Wakati huohuo, baadhi ya unga wa nguvu za kiume unaouzwa kama mizizi mitupu umekutwa duniani ukiwa umechanganywa sildenafili kwa siri, nayo ikikutana na dawa za moyo za naitrati hushusha shinikizo la damu kiasi cha kuua.