Mbona Hasemi?

Hebu fikiria uko Nyamuswa, umebanana na wenzako ndani ya kibanda umiza. Leo mkanda hauna ngumi wala bunduki. Kuna mama mmoja tu, yuko hospitalini, haongei. Vijana wa nyuma wanaanza kelele: "Mbona hasemi huyu?"

Hilo ndilo swali lenyewe.

Sinema ni Maangamizi, ya mwaka 2001. Waliiongoza Mtanzania Martin Mhando na Mmarekani Ron Mulvihill, na ndiyo ya kwanza Tanzania kuipeleka kuwania tuzo ya Oscar. Mama huyo anaitwa Samehe. Anayemwigiza ni Amandina Lihamba, profesa aliyefundisha sanaa za maonyesho, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Samehe akiwa mtoto aliona mama yake akifa kwa moto. Sasa ni mtu mzima, yumo hospitali ya wagonjwa wa akili, hana neno.

Ni kiburi? Karogwa?

Hapana. Mtoto aliyeona jambo la kutisha mno anaweza kukosa usingizi, kushtuka ovyo, kushindwa masomo, au kunyamaza kabisa. Ni akili inayojikinga. Hali huwa mbaya zaidi nyumba nzima inapokubaliana kwamba "hayo hayasemwi".

Sasa, utaigizaje mtu asiyesema? Ukinyang'anywa maneno unabaki na macho, mikono na pumzi. Ukidanganya kidogo tu, mtazamaji anajua.

Lihamba alianza kazi hii ya kusema ukweli mbele za watu zamani, jukwaani. Miaka ya 1980 mwanzoni, yeye na Penina Mlama walikwenda Malya, mkoa wa Mwanza. Huko wanakijiji wenyewe walicheza matatizo yao, mojawapo mimba za wasichana wa shule. Mwaka 1996 wawili hao wakaanzisha Tuseme katika shule za sekondari.

Tuseme inafanyaje kazi?

1. Wanafunzi wanataja tatizo.
2. Wanatafuta chanzo chake.
3. Wanatunga mchezo, ngoma au wimbo.
4. Wanaonyesha, kisha wote wanajadili.

Siri ya mafanikio ni hii: watu wanamjadili mhusika, hawakujadili wewe. Yeye ndiye anayebeba mzigo, nawe unapata nafasi ya kuuangalia vizuri.

Lakini angalieni! Msimlazimishe mwenzenu kuigiza yaliyompata kwao. Tungeni jina jingine na nyumba nyingine. Kidonda kinachochokonolewa hakiponi.

Na kama siri hiyo iko nyumbani kwenu, mchezo peke yake hautoshi. Mwambie mtu mzima unayemwamini: shangazi, mwalimu wa malezi, au muuguzi wa zahanati. Akikupuuza, mwambie mwingine. Pia unaweza kupiga simu ya huduma kwa mtoto, namba 116. Ni bure.

Jadilini darasani: Mwenzenu aliyekuwa mchangamfu amenyamaza ghafla. Mtamwuliza nini, na nini hamtamwuliza?