Masii, mtaalamu wa kilimo ni muuza mbegu

Ukishuka matatu Masii, kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui, duka la agroveti hulitafuti. Harufu ya dawa ya kuogesha ng'ombe inakuelekeza. Mwezi wa Oktoba ndio wa heka heka, kwa kuwa Ukambani mvua ya kutegemewa ni ya vuli, ya Oktoba hadi Desemba. Ya masika huja ikipenda.

Wanaofika kaunta si wote wanaotaka kununua. Huyu kafunga jani la mhindi lililotobolewa kwenye gazeti, yule anaeleza namna kuku wake wanavyosinzia. Muuzaji analifunua jani, analigeuza na kusema, "Mwaitu, hawa ni viwavijeshi," kisha mkono unakwenda kwenye rafu. Tangu viwavijeshi vamizi wathibitishwe nchini mwaka 2017, nadhani ushauri mwingi kuwahusu umetolewa namna hiyo, mteja akiwa amesimama na pesa mkononi.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya afisa wa kilimo aliyepita vijijini kwa pikipiki. Miaka ya 1990 serikali ilibana ajira, wazee wakastaafu bila wa kuwarithi. Mwaka 2013 kilimo kikahamia kaunti. Pengo likajazwa na duka. Tatizo liko wazi: anayepima ugonjwa ndiye anayeuza dawa. Hata hivyo sioni haki ya kumlaumu, maana ndiye aliyebaki, tena anauza kwa vipimo vya mfuko wa mteja na deni analiandika daftarini hadi mavuno.

Mgongano wa maslahi unaonekana zaidi kwenye mbegu. Karibu na mji wa Machakos kuna kituo cha utafiti cha Katumani, ambacho kiliwapa wakulima wa nyanda kame mahindi yaliyobeba jina hilohilo. Yanakomaa upesi kabla mvua haijakatika, na kwa kuwa si chotara, mkulima anaweza kuchagua mahindi mazuri akapanda tena msimu ujao. Ni neema kwa mkulima, lakini muuzaji hapati kitu kwa mbegu iliyoning'inizwa juu ya moshi wa jikoni. Kwa hiyo usishangae akikusifia pakiti ya chotara kwanza.

Huduma ninayoiona muhimu kuliko zote, na inayozungumzwa kidogo, ni ile ya baada ya kuvuna. Mwaka 2004, sumu ya kuvu, aflatoksini, iliwapata watu 317 wa Makueni, Kitui, Machakos na Thika, 125 wakafa. Walikula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Leo agroveti huuza magunia ya tabaka tatu yanayozuia hewa. Dumuzi, mdudu anayetoboa punje, hufa humo bila dawa yoyote. Lakini ukitia mahindi mabichi, gunia hilo litakufungia unyevu uleule.

Jirani na agroveti kuna kisiagi, na pembeni mashine ya kukoboa muthokoi, yaani mahindi yaliyotolewa ganda. Kina mama walikuwa wakiutwanga kwa kinu, mikono ikitoka malengelenge; sasa gorogoro chache hukobolewa kwa muda wa kupiga soga. Kukoboa hupunguza sumu, kwa kuwa sehemu kubwa hukaa kwenye ganda na kiini, ingawa haimalizi. Pumba nazo hazitupwi: huenda kwa kuku na ng'ombe, na ng'ombe akila sumu, nyingine hutokea kwenye maziwa ya chai.

Hapo kisiagini ndipo ningependa huduma moja iongezwe, tena ya bei ya bure. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko kadhaa vya chumvi iliyokaushwa, tikisa vizuri, kisha iache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji; ikianguka chini yote, yamekauka vya kutosha. Wengi hupima kwa kung'ata punje, na meno ya mzee na ya kijana hayakubaliani. Chupa moja ikikaa kando ya mizani, mwenye mashine angeweza kumwambia mteja arudi na debe lake akalianike siku mbili zaidi, ingawa kwa kufanya hivyo atapoteza pesa ya kusaga ya siku hiyo.