Jenereta Haina Chumba Ndani ya Nyumba

Ndugu msikilizaji, juma hili tuzungumze juu ya mashine ambayo kila mkazi wa Makandana anaijua kwa sauti: jenereta ndogo ya petroli. Umeme ukikatika jioni, mwenye saluni huiwasha, mwenye duka la vinywaji huiwasha, na wenye msiba huikodi. Thamani yake tuliiona wakati wa mgawo wa umeme wa mwaka 2006, wa 2011 na ule wa 2023. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha umeme Februari 2024, nalo ni jambo la kushukuru. Lakini mti ukiangukia nyaya usiku wa mvua hapa Rungwe, bwawa haliwezi kutuwashia taa.

Neno langu la leo ni moja: jenereta isiwashwe ndani. Isiwashwe sebuleni, wala stoo, wala jikoni, wala barazani chini ya dirisha.

Najua kwa nini watu huiingiza ndani. Wanaogopa mvua, na wanaogopa wezi. Hofu zote mbili zina haki. Tatizo ni kwamba Tukuyu ni baridi, na mtu akishaiingiza mashine hufunga mlango na madirisha. Hapo ndipo anapofungiwa pamoja na muuaji.

Muuaji huyo ni gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Hutoka katika ekzosi ya jenereta, na pia katika jiko la mkaa lililowekwa chumbani ili kuota moto. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mtu anavuta pumzi lakini mwili unakosa hewa. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Aliyelala haamki. Wala msidhani kuwa ni janga la maskini peke yao. Februari 2021 baridi kali ilikata umeme katika jimbo la Texas, Marekani. Wako waliowasha majenereta, magari na majiko ya mkaa ndani ya majengo, na watu zaidi ya 10 walikufa kwa gesi hii.

Basi tufanyeje na mvua na wezi? Jenga kibanda kidogo cha bati nje, hatua nane au tisa kutoka nyumbani, yaani mita sita hivi. Kiwe na paa, kiwe wazi pembeni, na sakafu iinuliwe ili maji yasifike. Ekzosi ielekee mbali na madirisha yako na ya jirani. Ifunge mashine kwa mnyororo na kufuli kwenye nguzo. Gharama ya kibanda ni ndogo kuliko ya jeneza.

Jambo la pili ni nyaya. Wako wanaotengeneza waya wenye plagi pande zote mbili, wakauchomeka katika soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Huo ni mtego. Umeme hutoka nyumbani, hupanda hadi kwenye transfoma, na transfoma inayoushusha hadi volti 230 huupandisha tena hadi maelfu ya volti. Fundi wa TANESCO aliyeko juu ya nguzo, akiamini laini imezimwa, anauawa na taa za sebuleni kwako. Mwite fundi mwenye leseni akufungie swichi ya kubadilishia, isiyoruhusu umeme wa TANESCO na wa jenereta kukutana. Kama huna uwezo huo, chomeka vyombo moja kwa moja kwenye jenereta kwa waya mnene usiochubuka.

Tatu ni petroli. Zima mashine, iache ipoe dakika 15, ndipo ujaze, tena mchana au kwa tochi. Usitumie mshumaa wala kibatari, kwa maana mvuke wa petroli hutambaa chini na kuufuata moto ulipo. Dumu la akiba lisilale chumbani.

Kuhusu matunzo, pima oili kila kabla ya kuwasha, mashine ikiwa imesimama sawasawa. Jenereta mpya ibadilishwe oili baada ya saa 20 za kwanza, kisha kwa kufuata kitabu chake. Zile ndogo zinazochanganywa oili na petroli zifuate kipimo cha mtengenezaji. Safisha chujio la hewa. Ikiwa itakaa miezi bila kazi, toa petroli yote, maana ikichacha huziba kabureta. Washa mashine kwanza, ndipo uongeze vyombo kimoja kimoja. Birika la umeme la wati 2,000 halibebwi na jenereta ya wati 1,000.

Mwisho, ukimkuta mtu amelegea palipo na moshi, mtoe nje haraka, kisha mkimbize hospitali yetu ya Makandana na umweleze mganga kwamba palikuwa na jenereta au mkaa. Msipoteze muda kumnywesha maziwa. Rungwe tunayo maziwa mengi, lakini hayaitoi gesi hii katika damu. Tiba yake ni oksijeni.

Leo kabla ya giza, mwenye jenereta atazame inakaa wapi. Kama ni ndani, itoke. Hadi juma lijalo, kwaherini.