Msimamo wa ligi wenye viraka

Shabiki wa soka Tanzania hana njaa ya mechi mwisho wa juma. Jumamosi saa 10 jioni mpira unapigwa Sokoine, Mbeya. Saa 1 usiku taa za Chamazi zimeshawaka. Na hapo katikati Waingereza nao wameingia uwanjani, kwa kuwa saa 9 alasiri ya kwao kwetu ni saa 11 au saa 12 jioni, kutegemea majira. Jumapili hali ni hiyo hiyo, na ikiwa ni wiki ya mashindano ya Caf, Simba au Yanga wako ugenini Afrika Kaskazini na watu hawalali mapema. Lakini muulize shabiki huyo Jumatatu asubuhi ni nani anayeongoza ligi yetu. Atakujibu kwa masharti: fulani yuko kileleni, ila mwenzake ana viporo vitatu. Sharti hilo tumelizoea mpaka tunaliona la kawaida. Mimi naliona kuwa ni jeraha. Wikiendi yenye mechi nyingi hupata maana pale tu mechi hizo zinapokuwa za raundi moja, zinachezwa kwa wakati wake, na matokeo yake yanaingia kwenye msimamo kwa pamoja.

Msimamo wa ligi ndio unaomfanya mtu wa Jangwani ajali kinachotokea Bukoba kati ya timu mbili asizozishabikia. Bila huo, mechi nane za wikiendi ni mechi nane tu, kila moja na watu wake. Tazama Mei 13, 2012, siku ya mwisho ya Ligi Kuu ya Uingereza, ambayo mashabiki wengi hapa wanaikumbuka kwa bao la Sergio Agüero wa Manchester City dhidi ya QPR katika dakika za nyongeza. Bao lile peke yake ni bao zuri la dakika ya 94. Lililolipa uzito ni kwamba saa ile ile Manchester United, wapinzani wao wa ubingwa, walikuwa Sunderland, wameshashinda 1-0, wachezaji wamesimama uwanjani wakisubiri habari. QPR wenyewe walikuwa wanasikilizia Stoke, ambako Bolton walishindwa kupata ushindi waliouhitaji ili wasishuke daraja. Viwanja vitatu vilikuwa vimefungwa kwenye saa moja. Ukiichukua mechi ya Sunderland ukaisogeza hadi Jumanne, bao la Agüero linabaki, ila siku ile haipo tena.

Kuna walioujua ukweli huu kwa maumivu. Mwaka 1978, katika Kombe la Dunia, Brazil waliifunga Poland 3-1, kisha baadaye siku hiyo Argentina wakaingia uwanjani dhidi ya Peru wakijua hasa wanachohitaji: ushindi wa tofauti ya mabao manne. Walishinda 6-0, na Brazil wakakosa fainali bila kupoteza hata mechi moja. Miaka minne baadaye zamu ilikuwa ya Waafrika. Algeria, walioifunga Ujerumani Magharibi 2-1, walimaliza mechi zao Juni 24, 1982. Kesho yake, mjini Gijón, Ujerumani Magharibi na Austria walijua kwamba ushindi mwembamba wa Wajerumani unawapeleka wote wawili mbele. Bao likaingia dakika ya 10, na muda uliobaki ulitumika kupasiana bila nia ya kushambulia. Algeria wakarudi nyumbani. Kuanzia Kombe la Dunia la 1986, mechi za mwisho za kila kundi huchezwa kwa wakati mmoja. Kwa maneno mengine, dunia ilikubali kwamba kujua matokeo ya mwenzako kabla hujacheza ni faida, na faida hiyo haipaswi kugawiwa na ratiba.

Sasa turudi kwetu, msimu wa 2024/25. Dabi ya Kariakoo ya mzunguko wa pili, mchezo namba 184 kati ya michezo 240 ya ligi, ilipangwa Machi 8, 2025. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walitangaza kwamba hawatacheza, wakilalamika kuzuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa, na Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo siku yenyewe. Kwa upande mwingine Simba walikuwa wanafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na viporo vyao vikarundikana hadi wakalazimika kucheza kila baada ya siku chache mwanzoni mwa Mei. Dabi ikapangiwa tena tarehe, ikasogezwa tena, mwishowe ikachezwa Juni 25, siku tatu baada ya raundi ya 30 kukamilika. Mchezo namba 184 ukawa wa mwisho kabisa. Yanga walikuwa na pointi 79, Simba 78. Yanga wakashinda 2-0 na kubeba ubingwa.

Wapo watakaosema: basi malalamiko ni ya nini, ikiwa tulipata fainali ya ligi ambayo hata mwandishi wa filamu asingeipanga hivyo? Nakubali kwamba usiku ule ulikuwa na msisimko mkubwa. Lakini tusiwape viporo sifa isiyo yao. Msisimko ulitokana na timu mbili kupishana pointi moja, jambo walilolifanyia kazi uwanjani msimu mzima. Kiporo kilifanya kitu kingine. Kwa zaidi ya miezi mitatu, kila wikiendi ya ligi ilichezwa juu ya msimamo wenye viraka, nusu ya mazungumzo yakahusu kama dabi itachezwa au la, na raundi ya 30, ambayo ingepaswa kuwa siku kuu ya timu zote 16, ikageuka kuwa utangulizi wa mechi ya watu wawili. Na siku ya mwisho si ya mabingwa peke yao. Kuna wanaokimbia kushuka daraja, kuna wanaopigania nafasi ya kucheza Afrika, na mashabiki wao pia walilipa viingilio.

Pingamizi zito zaidi ni la Caf, na sitaki kulipita juu juu. Timu inayokwenda kucheza Berkane au Algiers inabeba bendera. Safari ni ndefu, wachezaji wanachoka, na hakuna shabiki mwenye akili anayetaka Yanga iliyofika fainali mwaka 2023 au Simba iliyofika mwaka 2025 ikose mwishoni kwa sababu ya mechi ya ligi iliyochezwa siku mbili kabla. Hilo ni kweli kabisa. Ila tarehe za mashindano ya Caf hujulikana kabla ligi yetu haijaanza. Kuisaidia timu kwa kuiachia nafasi kwenye ratiba tangu Agosti ni jambo moja. Kuisaidia kwa kupangua ratiba katikati ya msimu ni jambo jingine, kwa sababu gharama yake inaangukia kwa wasiohusika. Timu ya mkoani iliyojiandaa kumpokea mkubwa, ambayo pengine hiyo ndiyo siku yake pekee ya mapato makubwa ya mlangoni, inaambiwa isubiri. Inakaa wiki mbili au tatu bila mechi, kisha inaitwa kucheza katikati ya juma, saa 10 jioni kwa kuwa uwanja hauna taa, wakati mashabiki wake wako kazini. Kuhusu timu hiyo hakuna anayeuliza uchovu wala bendera.

Halafu kuna televisheni. Mkataba wa Azam Media na TFF wa mwaka 2021, wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, ndio umezifanya klabu nyingi zilipe mishahara kwa uhakika kuliko zamani, na televisheni inataka mechi zipishane saa ili zote zionekane. Ni haki yao, na ni raha yetu. Sidai kwamba mechi zote nane zichezwe saa 10 jioni kila Jumamosi. Ila tusidhani kwamba mechi za pamoja haziwezi kutangazwa. Waitaliano wana kipindi cha redio kilichoanza mwaka 1960, kinachoruka kutoka uwanja hadi uwanja dakika kwa dakika, na kilipendwa kwa sababu hiyo hiyo: bao linaingia huku, sauti inakatiza kule. Mei 14, 2000, mvua kubwa ilisimamisha mechi ya Juventus mjini Perugia kwa zaidi ya saa moja. Lazio walikuwa wameshamaliza kazi yao Roma kwa 3-0, na mashabiki wao wakabaki na redio masikioni hadi Juventus walipolala 1-0 na ubingwa kuhamia kwao. Kwa nchi iliyolelewa na mpira wa redio kama yetu, kipindi cha namna hiyo kingepata wasikilizaji tele.

Ninachokitaka kinaweza kuandikwa kwenye kanuni kwa mistari michache. Ratiba ya msimu itolewe ikiwa na wiki za akiba zilizotajwa kwa tarehe, kwa ajili ya Caf na dharura. Mchezo ulioahirishwa uchezwe katika wiki ya akiba inayofuata, si wakati wowote utakaoonekana unafaa. Na raundi ya 29 isianze ikiwa kuna kiporo hata kimoja, cha timu yoyote. Kenya, Uganda na sisi tumekabidhiwa Afcon ya 2027, na maandalizi yake yatabana viwanja na tarehe kuliko msimu wowote tuliowahi kuuona, kwa hiyo mahali pa kuanzia ni kwenye ratiba ijayo, kabla mpira wa kwanza haujapigwa.